Kakangu alifariki kabla ya kubatizwa. Je, amepotea?

*Swali: Ninakuandikia kutoka Luanda, Vihiga. Kakangu alikuwa mkatekumeni, yaani mtu anayefundishwa ili abatizwe, katika parokia moja ya Kikatoliki Kisumu na alikuwa abatizwe kwenye kesha la Pasaka. Wiki tatu kabla ya siku hiyo, bodaboda aliyokuwa amepanda iligongwa na lori karibu na Kisian. Akafariki hospitalini bila kurudiwa na fahamu. Kwenye matanga, mhubiri aliyealikwa na shangazi alisoma Yohana 3:5 akasema bila maji hakuna mbingu. Tangu siku hiyo mama halali. Nyanya ni wa Friends (Wakwekeri), hajawahi kubatizwa kwa maji maisha yake yote, naye amenyamaza tu. Je, ni lazima mtu abatizwe ndipo aokoke? Kuna ibada yoyote tunayoweza kumfanyia kakangu sasa? Na mimi ambaye sijabatizwa, niende kwa mhubiri huyo anibatize ziwani Jumapili hii?*

Pole sana, dadangu, na umfikishie mama pole zangu. Umeuliza mambo matatu. Nitaanza na la mama, kwa kuwa yeye ndiye asiyelala.

Mwambie hivi: Kanisa Katoliki, ambalo mwanawe alikuwa ameshafika mlangoni mwake, halifundishi kwamba amepotea. Katekisimu yake, yaani kitabu cha mafundisho yake, ya mwaka 1992, fungu la 1259, inawazungumzia hasa watu wa hali yake, yaani wakatekumeni wanaokufa kabla ya kubatizwa. Inasema kwamba nia yao ya wazi ya kubatizwa, pamoja na toba na mapendo, inawahakikishia wokovu ambao hawakuweza kuupokea kwa njia ya sakramenti. Mimi ni Mwanglikana, kwa hiyo sisemi haya ili kuipamba nyumba yangu. Nasema kwa sababu mhubiri alimhukumu mtoto wa kanisa lingine bila kuuliza kanisa hilo linasema nini juu ya watoto wake.

Wala fundisho hilo halikubuniwa juzi ili kuwafariji wafiwa. Mwaka 392, kaizari kijana wa Roma, Valentiniano wa Pili, alikutwa amekufa huko Vienne, nchi ambayo leo ni Ufaransa. Alikuwa na umri wa miaka kama 21. Alikuwa mkatekumeni, na alikuwa ametuma watu wamwite Ambrosi, askofu wa Milano, aje ambatize. Askofu hakumkuta hai. Katika mazishi walikuwepo dada zake wawili, Justa na Grata, wakilia kwa jambo lilelile unaloniandikia: ndugu yao amekwenda bila maji. Ambrosi akawauliza, kwa maneno yangu, ni kitu gani kingine kilichokuwa ndani ya uwezo wake isipokuwa kutaka na kuomba? Aliomba, basi amepewa. Akaongeza kwamba ikiwa wafiadini ambao hawajabatizwa huoshwa kwa damu yao wenyewe, basi huyu naye ameoshwa na uchaji wake na nia yake.

Unapaswa kujua Ambrosi alikuwa nani ili uone uzito wa maneno hayo. Yeye mwenyewe alichaguliwa kuwa askofu mwaka 374 akiwa bado mkatekumeni, ikabidi abatizwe kwanza, na katika muda wa siku chache akawekwa wakfu. Hakuwa mtu wa kuudharau ubatizo. Ndiye aliyembatiza Augustino mwaka 387, na Augustino huyo ndiye aliyekuja kusisitiza ulazima wa ubatizo kuliko karibu wote waliomtangulia.

Karne nyingi baadaye, Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, mwezi Machi 1547, ulitoa tamko kali: anayesema ubatizo ni wa hiari, si wa lazima kwa wokovu, alaaniwe. Mhubiri wenu angeifurahia sentensi hiyo. Lakini miezi miwili kabla, Januari ya mwaka huohuo, mtaguso uleule ulikuwa umeandika kwamba mtu hageuzwi kuwa mwenye haki pasipo maji ya kuzaliwa upya, au pasipo kuyatamani. Waliotia lazima ndio walioacha mlango kwa aliyekufa njiani.

Na alipotokea mtu wa kuufunga mlango huo, Roma ilimzuia. Padre mmoja Mjesuiti wa Boston, Marekani, Leonard Feeney, alifundisha katika miaka ya 1940 kwamba nia haitoshi, hata kwa mkatekumeni. Maji au kupotea. Mwaka 1949 Roma ilimwandikia askofu mkuu wa Boston barua ya kuyakataa mafundisho hayo, na mwaka 1953 padre huyo akatengwa na kanisa, kwa sababu aliitwa Roma ajieleze akakataa kwenda. Kwa hiyo aliyoyasema mhubiri kwenye matanga yenu yaliwahi kusemwa na Mkatoliki, tena kwa ufasaha, na Wakatoliki wenyewe wakayakataa.

Haya ndiyo ya mama. Sasa swali lenyewe: je, ubatizo ni lazima?

Ukifungua Biblia kwa haraka utapata "ndiyo" nyingi kuliko unavyotarajia, na walokole wenzetu wanaosema ubatizo ni alama tu huzipita mbio. Petro siku ya Pentekoste hakuwaambia watu waombe sala fupi na kuinua mikono. Aliwaambia watubu na kubatizwa wapate ondoleo la dhambi. Anania alimwambia Sauli ainuke abatizwe, akaoshe dhambi zake. Waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 3 mstari wa 21, unasema ubatizo "unaowaokoa ninyi pia siku hizi", ingawa hapohapo unafafanua kwamba si kuondoa uchafu wa mwili, "bali jibu la dhamiri safi mbele za Mungu". Paulo katika Warumi 6 anasema tumezikwa pamoja na Kristo kwa njia ya ubatizo. Huwezi kuyasoma haya yote ukabaki unasema ni picha ya kupigwa na familia ukingoni mwa mto.

Yohana 3:5 ni hivi: "Mtu asipozaliwa kwa maji na kwa Roho, hawezi kuuingia ufalme wa Mungu." Wengine hukwepa uzito wake kwa kusema maji ni yale ya uzazi, yaani mtu azaliwe na mamake kwanza, kisha azaliwe kwa Roho. Sikubaliani nao. Wakristo wa kale wanaposhika mstari huu huwa wanasema juu ya ubatizo, na ukisoma mbele kidogo, mstari wa 22, Yesu na wanafunzi wake wako Uyahudi wanabatiza. Calvin, mwanamageuzi wa karne ya 16, alidhani maji hapo ni njia nyingine ya kumtaja Roho anayesafisha. Hoja yake ina nguvu zaidi, ila bado haijanishinda. Kwa hiyo katika mstari wenyewe niko karibu na mhubiri wenu kuliko anavyofikiri. Ninapoachana naye ni pale anapougeuza kuwa hukumu ya marehemu. Nikodemo alikuwa mtu hai, mwalimu mkubwa, aliyekuja usiku. Aliambiwa afanye nini. Hakuwa ameuliza habari za mtu aliyekufa akiwa njiani kuja.

Marko 16:16 nao husomwa sana: "Aaminiye na kubatizwa ataokoka, asiyeamini, atahukumiwa." Angalia nusu ya pili. Anayehukumiwa ni asiyeamini. Haikusemwa "asiyeamini na asiyebatizwa". Tena mistari ya mwisho ya Marko, kuanzia wa 9 hadi wa 20, haimo katika nakala mbili za Kigiriki za karne ya 4 zinazotegemewa sana, ile ya Sinai na ile ya Vatikani. Sisemi uikate kwenye Biblia yako. Nasema usimjengee mtu jehanamu juu yake.

Upande wa pili watu hukimbilia kwa yule mhalifu msalabani, aliyeambiwa "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi". Ni mfano mzuri kwa kakako, lakini ni mbovu kwa wanaoutumia zaidi. Mhalifu yule alikuwa amepigiliwa misumari, na Yesu alikuwa bado hajawatuma wanafunzi kubatiza mataifa yote. Mtu anayeishi Dunga, anayeliona ziwa kila asubuhi akifungua mlango, ambaye anamwamini Kristo lakini anasema "mimi ni kama yule wa msalabani", hajui anachosema. Yule hakuwa na nafasi. Huyu anayo, na anaiahirisha.

Mimi huenda kwa Kornelio, Matendo ya Mitume sura ya 10. Petro bado anahubiri katika nyumba ya ofisa huyo wa jeshi la Kirumi, hajamaliza hata hotuba, Roho Mtakatifu anawashukia wote wanaosikia. Hawajabatizwa. Hakuna aliyewafundisha chochote zaidi ya mahubiri yale. Kama maji ndiyo yangekuwa kibali cha Mungu cha kutenda, hapo Mungu angekuwa ametenda bila kibali. Lakini soma Petro anafanya nini baada ya hapo. Hasemi, "Basi, hawa wameshapokea, maji ya nini tena?" Anauliza: "Ni nani awezaye kukataza maji, hawa wasibatizwe, watu waliopokea Roho Mtakatifu vile vile kama sisi?" Kisha anaamuru wabatizwe.

Katika kisa hicho kimoja nayaona yote mawili, na ndiyo maana sikubali kulijibu swali lako kwa "ndiyo" kavu wala "hapana" kavu. Mungu alitangulia maji. Waliotanguliwa na Mungu wakaamriwa kuingia majini. Lazima ipo, lakini imewekwa juu ya mabega yetu sisi tulioisikia amri, haikuwekwa juu ya Mungu. Katekisimu niliyoitaja inalisema hili katika fungu la 1257: Mungu ameufunga wokovu na sakramenti ya ubatizo, ila yeye mwenyewe hafungwi na sakramenti zake. Kanisa langu, katika katekisimu ya Kitabu cha Sala cha 1662, linasema ubatizo na Meza ya Bwana ni lazima kwa wokovu kwa ujumla, na ibada ya kubatiza watu wazima ya kitabu hichohicho inataja ulazima wa ubatizo pale unapoweza kupatikana. Wapresbiteri wana Ungamo la Westminster la 1646: kuudharau ubatizo ni dhambi kubwa, lakini neema haijashikamana nao kiasi kwamba asiyebatizwa hawezi kuokoka. Walutheri katika Ungamo la Augsburg la 1530 waliandika kwamba ubatizo ni wa lazima, na bado walimu wao wamefundisha siku zote kwamba kinachomhukumu mtu ni kuudharau, si kuukosa. Makanisa haya yamegombana kwa mambo mengi mno, yamefukuzana na hata kuuana. Huko Zurich mwaka 1527 walimzamisha Felix Manz katika mto Limmat kwa kosa la kubatiza watu wazima upya. Lakini juu ya mtu aliyetaka akakosa, yanakaribia kusema kitu kimoja.

Wapo wasiokubali, na nisiwafiche. Makanisa ya Kristo, ambayo yana shule za Biblia na washarika wengi nchini mwetu, huona kuzamishwa kwa mtu anayeamini kuwa ndiko kunakopokelewa msamaha, ingawa hata kwao utakuta wahubiri wanaomwachia Mungu habari ya aliyefia njiani. Wapentekoste wa jina la Yesu peke yake wana mkazo unaofanana na huo, na mzozo wao wa ziada juu ya maneno gani yatamkwe. Wabatisti, Waadventista na Wapentekoste wengi huzamisha watu wanaokiri imani na kusema wokovu ni kwa neema kwa njia ya imani, kama Waefeso 2:8 isemavyo. Kwao ubatizo ni agizo la kutiiwa. Kwa hawa, kakako hana shida yoyote ya maji. Wangeuliza tu kama alimwamini Kristo, na mtu aliyekuwa akienda mafundisho ya ukatekumeni Kisumu kutoka Luanda amejibu kwa miguu yake.

Sasa nyanya, ambaye amenyamaza. Nadhani kimya chake ni kizito kuliko kilio cha wengine, maana mhubiri alipofunga mbingu kwa wasiobatizwa alimfungia na yeye, na hakuna aliyekumbuka kwamba ameketi pale.

Wamisionari wa Friends, ndio Wakwekeri, walifika Kaimosi mwaka 1902. Wanglikana walianzisha kituo chao Maseno mwaka 1906, mwaka ambao Waadventista nao walifika Gendia, ng'ambo ya ghuba. Wapadre wa Mill Hill walikuwa wameshaingia Kisumu na Mumias. Wapentekoste wa Nyang'ori walikuja baadaye, mwaka 1924. Misheni za Kiprotestanti ziligawana maeneo ili zisigombanie watu. Matokeo yake ni kwamba wazee wa Vihiga wengi hawakuchagua fundisho la ubatizo, kijiji kiliwachagulia. Aliyezaliwa upande wa Kaimosi alikua katika ibada isiyo na beseni la maji. Aliyezaliwa upande wa Maseno, safari ya siku moja kwa mguu, aliketi darasani akajifunza kusoma, akaulizwa maswali, akamwagiwa maji na kupewa jina. Leo wajukuu wa wote wawili wanaoana, na boma moja lina Mkwekeri, Mwanglikana, Mkatoliki na Mpentekoste, halafu kila tanga linageuka kuwa kikao cha teolojia.

Friends hawakuacha maji kwa uvivu. Robert Barclay, mwanateolojia wao wa Uskoti wa karne ya 17, alijenga hoja kwamba Waefeso 4:5 inasema ubatizo ni mmoja, na kwamba huo mmoja ndio ule ambao Yohana Mbatizaji alisema Yesu angeuleta, wa Roho Mtakatifu na wa moto. Maji ya Yohana yalikuwa kivuli, yamepita. Jeshi la Wokovu nalo liliacha sakramenti za nje mwaka 1883 chini ya William Booth, kwa sababu zinazokaribiana na hizo, kisha likaja Kenya mwaka 1921 bila maji. Mimi sikubaliani na Barclay, kwa sababu ya Kornelio tena: watu waliokwisha kubatizwa kwa Roho waliamriwa kuingia majini. Lakini siwezi kumwita mdharau mtu ambaye tangu utotoni amefundishwa na kanisa lake, kwa kutumia Biblia, kwamba ubatizo wa kweli hutendeka moyoni, akauishi huo miaka yote. Anayedharau ni anayejua kwamba Bwana anamtaka hivi, akakataa. Nyanya hajakataa kitu. Na Wakenya ndio Wakwekeri wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote duniani; mtu anayewafuta wote kwa mstari mmoja, kwenye tanga la watu, afikirie mara mbili. Nenda ukaketi naye, umwombe akusimulie imani yake. Sidhani kuna aliyemwomba tangu mazishi.

Umeuliza kama kuna ibada ya kumfanyia kakako sasa. Naelewa swali linatoka wapi. Kwetu, Wajaluo na Waluhya, mke akifariki kabla mahari haijatolewa, wazee husema ng'ombe waje kwanza ndipo azikwe, na mume hukimbia huku na huku kuwatafuta. Watu wengi huuchukulia ubatizo namna hiyo, kama deni lililobaki ambalo mtu mwingine anaweza kulimaliza kaburini. Sivyo. Ubatizo hupewa mtu aliye hai. Sinodi za maaskofu wa Afrika Kaskazini huko Karthago, mwishoni mwa karne ya 4, zilikataza kuwabatiza maiti, na katazo halitolewi mahali ambapo hakuna anayefanya, kwa hiyo si ninyi wa kwanza kulifikiria. Paulo anagusa katika 1 Wakorintho 15:29 habari za watu waliobatizwa kwa ajili ya wafu, na wanazuoni hawajakubaliana maana yake hadi leo. Anautaja mtindo huo akiwa katikati ya hoja juu ya ufufuo. Haamuru mtu aufuate. Wamormoni ni miongoni mwa wanaofanya ubatizo wa namna hiyo leo. Makanisa mengine yote niliyoyataja hayafanyi. Akija mtu kuwaambia mlete kuku, au mlete pesa, amwombee marehemu abatizwe huko aliko, mfungulieni geti aende.

Mnachoweza kufanya kipo. Sheria ya Kanisa Katoliki, kanuni ya 1183, inasema kwamba kwa upande wa mazishi wakatekumeni wahesabiwe pamoja na waamini. Kakako alistahili maziko kamili ya kanisa lake. Hukuniambia kama aliyapata. Kama jumuiya au katekista alisita kwa sababu jina halikuwa katika kitabu cha ubatizo, mama anayo haki ya kwenda kwa paroko kuulizia, na kuomba Misa ya kumwombea mwanawe akitajwa kwa jina. Nadhani jambo hilo litamletea mama usingizi kuliko waraka wangu huu wote.

Hapa niseme jambo linaloniudhi. Makanisa yetu hutumia mazishi kama fimbo. Hakubatizwa, hakuwa hai katika jumuiya, hakutoa zaka, hakufunga ndoa: hatutakuja, au tutakuja bila joho. Wanglikana hatuna cha kujivunia, maana Kitabu cha Sala cha 1662 kiliandika wazi kwamba ibada ya maziko isitumiwe kwa aliyekufa bila kubatizwa. Hizo ni taratibu za nidhamu ya kanisa hapa duniani, na kila kanisa lina haki ya kuwa na nidhamu. Ila mama aliyesimama kando ya jeneza hasikii nidhamu. Pasta asipokuja, yeye husikia kwamba mbinguni nako mwanawe amekataliwa, na viongozi wanajua kwamba ndivyo anavyosikia.

Najua pia, maana hili huulizwa na akina mama kila mara, kwamba wengine watakaosoma hapa walipoteza watoto wachanga. Augustino alikuwa mkali juu ya hao, na karne zilizofuata zikabuni makao ya pembeni yaitwayo limbo ili kupunguza ukali huo. Halikuwahi kuwa fundisho rasmi la lazima. Katekisimu ya Kikatoliki, fungu la 1261, inawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu, na mwaka 2007 tume ya wanateolojia wa Vatikani iliandika kwamba ipo misingi mizito ya kutumaini wameokoka.

Limebaki lako wewe. Usiende kwa mhubiri huyo Jumapili hii. Si kwamba maji ya ziwa hayafai, wala si kwamba kuzamishwa si halali. Didake, kitabu kidogo cha Wakristo wa kale sana, kinapendelea maji yanayotiririka, na kinaruhusu kumwagia kichwani mara tatu pale maji yanapokosekana. Ni kwamba anayekutisha kwa kaburi la ndugu yako hajakufundisha bado unaingia katika nini. Kakako alikubali kufundishwa miezi na miezi. Na ubatizo haurudiwi: ukibatizwa kwa maji kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, Wakatoliki, Wanglikana na Wapresbiteri kwa kawaida watautambua, hawatakubatiza tena hata ukihama.

Lakini usiniponyoke ukasema mwalimu amenipa ruhusa ya kukaa. Ulipoanza kuuliza, ulishatoka kundi la wasiojua. Ukiwa unataka kuendelea katika njia ya kakako, nenda ofisi ya parokia uulize darasa la wakatekumeni linaanza lini. Safari hiyo huweza kufika miaka miwili, mara nyingine zaidi, na huanza kwa ibada ya kupokelewa mbele ya waamini. Ukitaka kwa Wanglikana, muone kasisi, yapo mafundisho ya ubatizo na kipaimara. Ukimwamini Kristo kwa mafundisho ya Wapentekoste au Waadventista, nao huwa na darasa; uliza wanafundisha nini kabla ya kuuliza ni lini. Kama nyanya akikuvuta Kaimosi, utakuwa umechagua njia ambayo mimi nisingeichagua, ila utakuwa umeichagua ukijua.

Na hili ulibebe, kwa maana uliniandikia kwamba kakako alilala hospitalini bila fahamu. Kwa Wakatoliki, mtu yeyote, hata asiye Mkristo, anaweza kumbatiza aliye katika hatari ya kufa, mradi ana nia ya kufanya kile ambacho Kanisa hufanya. Kwa Wanglikana pia Mkristo wa kawaida anaweza. Mimina maji kichwani, ya chupa yatosha, huku ukisema: "Ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Kisha umjulishe padre au kasisi iandikwe kitabuni. Ninakwambia haya si ili ujilaumu kwamba hamkujua. Kakako hakuyahitaji maji hayo ili Mungu ajue alichokuwa akikitaka. Ninakwambia kwa sababu wodi za Kisumu bado zina wagonjwa, na siku moja unaweza kuwa ndiwe uliyeketi karibu na kitanda cha mtu mwingine anayeomba.